Jina la Kumi na Nne

Mwalimu Philemon Mwandawiro hushuka Voi kila Jumamosi. Hutoka kwao Bungule, chini ya mlima Kasigau, akapanda lori linalobeba pojo na mbuzi hadi Maungu, na hapo Maungu hungoja gari lolote litakalomchukua kwenye barabara kuu. Njia yenyewe mbaya. Mvua ikinyesha, lori hulala katikati, na abiria huteremka kusukuma wakiwa wamekunja suruali. Hata hivyo hajakosa Jumamosi nyingi. Ukimwuliza anafuata nini mjini, atakuambia anakwenda kutembelea watu.

Nilimfahamu mwaka 1985, nilipokwama Voi siku nne nikingoja treni ya Taveta. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, lakini nywele za kando ya masikio zilikwisha kuwa nyeupe. Alikuwa mwalimu wa darasa la sita, mwalimu asiye na cheti, wa kulipwa kidogo na kuhamishwa wakati wowote. Wazazi wa kule walimwita Yunivasiti. Hawakumwita hivyo kwa chuki. Ndovu walipovunja tangi la maji la shule, mzee mmoja alimwambia mbele ya watu, "Yunivasiti, wewe uliyesoma, nenda ukawaulize wametukasirikia nini." Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini mzee yule alikuwa amegusa mahali penyewe bila kujua, maana hilo ndilo swali ambalo Philemon aliwahi kuwauliza watu, na ndilo lililomrudisha Kasigau bila digrii.

Watu wa Kasigau wana jambo moja wasilolisahau. Wakati wa vita vya Mjerumani, ilisemwa kwamba wao ndio waliomwonyesha adui njia. Aliyesema hivyo hakujulikana. Askari wa Mwingereza wakaja, na watu wa mlima, wazee kwa watoto, wakaswagwa mpaka Malindi, wakakaa huko miaka ishirini. Mbeyu, nyanya yake Philemon, alikuwa msichana wa miaka tisa. Alizika ndugu zake wawili katika mchanga wa pwani, akaolewa huko, akarudi mlimani na watoto wanne ambao hawakuwa wameuona mlima hata siku moja. Alikuwa akimwambia mjukuu wake kwamba bunduki haikuwaua, wala Mjerumani hakuwaua. Waliuawa na neno lisilo na mwenyewe.

Kwa sababu hiyo Mbeyu alishika sana desturi ambayo Wadawida, yaani Wataita, wote wanaijua, ile ya kutasa. Mtu akiwa na hasira na mwenzake, haruhusiwi kuikalia. Hasira iliyokaliwa, wanasema, hutoka yenyewe na kwenda kudhuru, na mara nyingi humdhuru mtoto au mnyama asiye na kosa. Kwa hiyo anayekasirika hukaa mbele ya aliyemkasirisha, hushika kibuyu cha maji au cha pombe ya miwa, akalitaja jambo lake waziwazi, akavuta funda, akalipuliza nje kwa manyunyu. Kisha hutamka maneno mema, na kesi imekwisha. Mbeyu alikuwa mlokole na pombe hakuigusa, kwa hiyo alitumia maji. Philemon alikua akidhani kwamba dunia nzima hufanya hivyo.

Mwaka 1975 aliingia chuo kikuu, wa kwanza kutoka upande wake wa mlima. Chuo chenyewe sikitaji, maana baadhi ya waliokuwamo bado wamo. Aliwekwa chumba kimoja na kijana wa Voi aitwaye Katuku, Mkamba aliyezaliwa na kukulia mjini hapo, mwana wa pekee wa mama mmoja mjane. Katuku alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye kusema Kikamba, Kidawida na Kiswahili katika sentensi moja, na mara ya kwanza kusikia mwenzake anatoka Kasigau alimwuliza kama ni kweli kwamba kule wanawajua ndovu kwa majina. Philemon alijibu kwamba wanawajua wale wenye tabia nzuri tu. Kuanzia siku hiyo walikula pamoja.

Maisha ya bwenini hayakuwa mazuri. Wanafunzi mia mbili na zaidi walipanga foleni kwenye dirisha moja la chakula, na wa mwisho wakienda darasani bila kula. Mabomba yalikauka saa mbili asubuhi. Maktaba ilifungwa jioni mapema, na waliolala wanne katika chumba cha wawili hawakuwa na mahali pa kusomea. Mwaka wa kwanza wa Philemon, wanafunzi tisa wa bweni lao waliacha masomo, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Ni yeye aliyepata wazo. Darasani walikuwa wakifundishwa namna ya kufanya utafiti, na mifano yote ilikuwa ya watu wengine: wafugaji, wavuvi, wakazi wa mitaa ya mabanda. Philemon aliuliza kwa nini wasijitafiti wenyewe. Mhadhiri wao, mama mmoja mpole aliyevaa miwani mizito, alifurahi mno. Wakaunda kikundi cha wanafunzi sita, wakatunga maswali kumi na moja, wakayapiga chapa kwenye stensili na kuyatoa kwa mashine ya wino mpaka vidole vikawa vyeusi. Mengine yalikuwa maswali ya kawaida: unalala saa ngapi, unakosa chakula mara ngapi kwa wiki, unasomea wapi. La kumi na moja lilikuwa la Philemon peke yake: Ni jambo gani hapa linalokukasirisha moyoni?

Chini ya swali hilo aliacha mstari wa jina na mstari wa sahihi.

Mhadhiri alipoiona fomu aliikataa mistari hiyo. Alimweleza kwamba katika kazi hii anayejibu hatajwi, na kwamba mtafiti mwenyewe hajazi fomu yake, asije akaipinda kazi. Philemon alilikubali la pili. La kwanza hakulikubali. Alibishana naye kwa heshima, siku mbili mfululizo, akimwambia kwamba malalamiko yasiyo na majina ni fitina, kwamba wakubwa wakipelekewa hasira isiyo na mtu watasema ni uvumi, na wana haki ya kusema hivyo. Mwisho yule mama alichoka. Alisema kazi ni yao, na waamue.

Wanafunzi waliamua kumfuata Philemon, maana alisema kama mtu anayejua. Walizunguka chumba hadi chumba, hata bweni la wasichana, kwa wiki tatu. Wengi waliandika majina bila wasiwasi, na baadhi walipenda kuulizwa. Aliyekataa mpaka mwisho alikuwa Katuku. Fomu yake ilikuwa imejaa pande zote mbili, na mahali pa jina ameandika namba ya chumba.

"Andika jina," Philemon akamwambia.

"Namba inatosha."

"Chumba hakikasiriki, Katuku."

Katuku akacheka. "Mwandawiro, ninyi mmezoea ndovu. Mnafikiri kila mkubwa mkimsemesha vizuri atageuka arudi msituni. Huku mtu akijua jina lako amejua na mlango wako."

"Uliyoandika ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Nyama yetu inatoka kwa mlango wa nyuma wa jiko, kila Jumanne. Nimeiona kwa macho yangu, na si mimi peke yangu."

"Kama ni kweli, unamwachia nani?"

Katuku alimtazama kwa muda. Philemon anakumbuka kwamba wakati huo hakuwa akicheka tena, ila hakuwa amekasirika pia. Alikuwa kama mtu anayepima uzito wa mzigo wa mwenzake. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, na kumrudishia karatasi. Ilikuwa fomu ya mia mbili na kumi na mbili, ya mwisho.

Walipomaliza hesabu za majibu waliandika ripoti ya kurasa thelathini. Ilikuwa ripoti nzuri. Wenzake walitaka ripoti peke yake ipelekwe kwa mkuu wa chuo na fomu zichomwe. Philemon alikataa. Alifunga fomu zote kwa kamba ya katani, akazibeba mwenyewe na kuziweka juu ya meza ya mkuu pamoja na ripoti. Aliamini mkuu ataitisha kikao. Aliwaona, katika mawazo yake, wanafunzi na wakubwa wameketi pamoja, kila mmoja akiitwa kwa jina, akisema lake uso kwa uso, na baada ya hapo watu wakila chakula. Alikuwa hata ameteua maneno ya kufungulia kikao hicho.

Mkuu alimshika mkono. Alimwambia kwamba chuo kinahitaji vijana wa namna yake, wanaoleta mambo kwa utaratibu na si kwa mawe.

Siku ya kumi, orodha ilibandikwa ubaoni. Ilikuwa na majina kumi na manne, ya wote waliotaja jiko na nyama ya Jumanne. Ilisemwa kwamba wamefukuzwa kwa uchochezi, na waondoke kabla ya saa kumi. Philemon aliisoma mara mbili akilitafuta jina lake. Halikuwamo. Hakuwa na fomu, maana mtafiti hajazi fomu.

Katuku alifunga sanduku lake bila haraka. Philemon alisimama mlangoni. Katuku alipofika pale mlangoni alimwambia, "Nisogezee, ndugu yangu, nipite," akapita. Baadaye Philemon alinieleza kwamba afadhali angemzaba kofi.

Lililobaki ndilo gumu zaidi kulieleza. Utafiti ule ulifaulu. Katika muda wa mwezi mmoja dirisha la pili la chakula lilifunguliwa. Mabomba yalitengenezwa. Maktaba ikaanza kukaa wazi mpaka saa nne usiku, na bweni likapewa chumba cha kusomea chenye taa mpya. Mkuu alimwandikia Philemon barua ya pongezi. Wanafunzi walikula kwa wakati, wakasoma kwenye mwanga, na Philemon akiingia chumba cha kulia meza nzima ilihama. Hawakumtukana. Walichukua sahani zao na kuhama. Alivumilia muhula mmoja, akaacha barua ya pongezi juu ya kitanda kitupu cha Katuku na kupanda treni ya kurudi nyumbani.

Mbeyu alikuwa bado hai. Alisikiliza habari yote, akauliza ni watu wangapi. Alipoambiwa kumi na wanne, alisema basi ana nyumba kumi na nne za kufika, akanywe hasira ya kila mmoja mpaka tone la mwisho. Yeye mwenyewe alikufa mwaka uliofuata.

Philemon alinunua daftari la mazoezi, akaandika majina kumi na manne, na kila likizo ya shule akatoka. Alifika Kitui, Kisii, Busia na Lamu. Hakuwaomba msamaha, aliomba waseme. Mmoja alimfungulia mbwa. Mwingine, aliyekuwa sasa kondakta wa basi, alimsemea hasira yake yote kituoni mbele ya abiria, kisha akamnunulia soda.

Aliyemuumiza zaidi alikuwa Jedidah, binti wa Njukini, karibu na mpaka, aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo. Alimkuta sokoni akiuza maharagwe. Jedidah hakuacha kupima. Alichota kwa kopo, akasawazisha kwa kiganja, akamwaga kwenye vikapu vya wateja, na kati ya mteja na mteja akamwambia kwamba baba yake hajamsemesha tangu siku ile, kwamba anaamini binti yake alifukuzwa kwa uhuni, kwa kuwa hakuna baba atakayeamini kwamba mtu alifukuzwa kwa kujaza karatasi. Alisema kwamba ng'ombe wakiugua kijijini watu humwita yeye, naye hujua dawa lakini hana ruhusa ya kuinunua. "Nilikuandikia jina langu kwa sababu uliniambia ni ujasiri," alisema. "Haukuwa ujasiri wako." Baadaye alichukua maji kwenye kikombe cha bati, akavuta funda, akayapuliza chini kati ya miguu yao, akasema, "Uende salama." Philemon aliposimama njiani kungoja gari la Taveta alitoa daftari na rula, akalikata jina la Jedidah kwa mstari mmoja ulionyooka.

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kumi na watatu. Kila aliposemwa mpaka mwisho, alikata jina na hakurudi tena. Si kwa ubaya. Kwao jambo lililotaswa halifukuliwi.

Wa kumi na nne alikuwa Katuku, na huyo alikuwa Voi tu, mwendo wa asubuhi moja.

Katuku alikuwa amepata kazi katika banda la mazao karibu na stesheni. Treni ya Taveta ilipofika na vitunguu na ndizi za Mboghoni, yeye ndiye aliyepokea matenga na magunia, akayaandika kwa rangi nyeusi, jina la mwenyewe na mahali yanapokwenda, kabla hayajapakiwa kwenye treni ya Mombasa. Siku ya kwanza Philemon aliposimama mbele ya banda, mwaka 1979, Katuku aliinua brashi yake, akaangalia tenga lililokuwa mbele yake, akasema, "Unaona, Mwandawiro? Umenifundisha. Siku hizi hakuna kitunguu kinachonipita bila jina." Philemon alishindwa kucheka. Katuku akaweka brashi chini na kumpeleka kunywa chai.

Ikawa hivyo miaka saba. Kila Jumamosi Philemon alishuka, akakaa kwenye gunia, na wakati fulani wa siku, chai ikiwa imekwisha, alisema, "Katuku, niambie." Na Katuku alijibu, "Hakuna neno." Aliuliza habari za shule, za ndovu, za lori. Alimtania kwamba ualimu umemnyoosha mgongo kama kijiti cha chaki. Walicheza bao, na Katuku alishinda. Jioni mama yake Katuku, Mutindi, aliwapa isyo, mahindi na maharagwe, kisha Philemon akatafuta gari la kumrudisha Maungu.

Watu wanaosamehe kwa kunyamaza nimewaona katika nchi nyingi, na mahali pengi huhesabiwa kuwa ndio waungwana. Kwa Philemon, kimya kile kilikuwa adhabu. Aliamini Katuku anaikalia hasira yake, na kwamba anayeikalia anajua anachofanya.

Mwaka 1983 mtoto wa kwanza wa Philemon alikufa, akiwa na miezi mitatu, kwa homa. Mke wake, Wakesho, hakulia mbele yake. Alimwuliza swali moja tu: "Amebaki nani kwenye daftari lako?"

Jumamosi iliyofuata Philemon alikwenda bandani na kumweleza Katuku yote, pamoja na swali la Wakesho. Alikuwa amebeba maji katika chupa kutoka kwao. Aliiweka juu ya tenga. Katuku aliweka brashi chini, na wapagazi wakaanza kuwatazama.

"Mwanao hakufa kwa sababu yangu," akasema. "Mimi singemdhuru hata katika ndoto."

"Sisemi ulitaka. Sema tu, itoke."

"Nionyeshe hilo daftari lako."

Philemon alimpa. Katuku alilifungua, akaangalia majina kumi na matatu yaliyokatwa na moja lililobaki peke yake chini. "Umetumia rula," akasema. Kisha akaweka kidole kwenye jina la Jedidah. "Huyu ulirudi kumwona?"

"La. Tulimaliza."

"Na huyu wa basi?"

"Tulimaliza."

"Aa," akasema Katuku. Alilifunga daftari, akalipangusa vumbi la vitunguu kwa mkono wa shati, akamrudishia. Juma lile alipanda lori mpaka Bungule, akiwa na nusu gunia la vitunguu begani, akakaa matangani siku mbili na kumsaidia Philemon kuziba ua ambao ndovu walikuwa wameuangusha. Wakesho alimpikia na kumtazama. Kuhusu hasira, Katuku hakusema lolote.

Katuku alikufa mwezi wa Aprili mwaka 1986. Homa ilimpanda kichwani Jumatano, na Ijumaa alikuwa amekwisha. Philemon alishuka Jumamosi kama kawaida, akafika bandani, akakuta matenga ya vitunguu yamepangwa nje bila maandishi. Mpagazi mmoja ndiye aliyemwambia, huku akitazama kando.

Walimzika kwenye kishamba cha mama yake nje ya mji, upande wa njia ya reli ya Taveta. Kaburi lilipokwisha kufunikwa na wimbo wa mwisho kuimbwa, Philemon alibaki. Alitoa ile chupa, akavuta funda la maji, na hapo akakwama, maana anayetasa ni mwenye hasira na mwenye hasira alikuwa chini. Alikaa hivyo, maji mdomoni, hawezi kuyapuliza na hawezi kuyameza, mpaka Mutindi alipomwona na kuja kukaa kando yake juu ya udongo.

"Meza, mwanangu," akamwambia. "Utajisonga."

Akameza.

"Nilikuwa nikimlaumu kwa ajili yako," Mutindi akasema. "Kila Jumamosi ukishaondoka namwambia, mpe mtoto wa watu hilo neno analolitafuta, linakugharimu nini? Amefiwa na mtoto. Miaka hii yote nimemwambia. Unajua alinijibu nini?"

Philemon aliiweka chupa chini.

"Alisema, mama, watu wa mlimani wakimaliza jambo wamemaliza na mtu. Nimeliona daftari lake. Nikimwambia atachukua rula, na Jumamosi sitamwona tena."

Treni haikupita wakati huo, wala upepo haukuvuma. Philemon anakumbuka kwamba palikuwa kimya kabisa na kwamba alisikia tumbo la yule mama likilia njaa, maana hakuwa amekula tangu Ijumaa. Alimwuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, kama Katuku alikuwa nayo kweli hiyo hasira.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Alisema siku nyingine anayo, siku nyingine hana." Mutindi alikung'uta udongo kwenye leso yake. "Alisema Jumamosi huwa hana."

Philemon alilia hapo, na mwanamke yule, aliyekuwa mwenye msiba, alimwacha alie. Alipotulia, Mutindi aliomba aonyeshwe daftari. Kusoma hakujua, kwa hiyo aliuliza la mwanawe ni lipi. Philemon alimwonyesha. Aliligusa kwa ncha ya kidole, taratibu, herufi kwa herufi, kana kwamba bado lina wino mbichi.

"Na mimi ninayo yangu," akasema. "Mwanangu alikuwa anasomea uhandisi. Amekufa mwandika matenga. Usifikiri sina."

"Niambie, mama." Alimsogezea chupa.

Mutindi aliitazama chupa, akaitazama na njia ya kwenda mjini, ambako waombolezaji wa mwisho walikuwa wakipotea mmoja mmoja.

"Utakuja Jumamosi?" akauliza.

"Nitakuja."

"Basi, si leo." Akashika mkono wa Philemon ili ainuke. "Na Jumamosi hiyo pia, si siku hiyo."

Nilipopita Voi tena mwaka huu niliteremka stesheni kumtafuta. Bandani kuna kijana mwingine mwenye brashi, na mwandiko wake mbaya. Philemon nilimkuta kwa Mutindi, juu ya paa, akipigilia mabati, misumari kati ya meno. Yule mama, ambaye sasa macho yamempunguka, alikuwa chini akimwelekeza mahali panapovuja, na kila alipokosea alimtukana kwa Kikamba. Wamepata mtoto mwingine, Philemon na Wakesho, msichana, ana mwaka na nusu na ana afya. Daftari limo ndani ya kabati la Mutindi, chini ya nguo za Katuku. Jina la kumi na nne halijakatwa. Rula yenyewe, Philemon aliniambia, aliwapa darasa la sita.